Kuchagua Kifyonza Vumbi cha Mkononi Kinachotumia Betri

Katika nyumba za Mombasa, ambako mchanga huingia na viatu na makombo ya mahamri hubaki mkekani baada ya chai, kifyonza vumbi kidogo kisicho na waya kinafaa sana, mradi kichaguliwe kwa makini. Usivutiwe na wati pekee, kwani hizo huonyesha umeme unaotumika. Nguvu ya kufyonza hupimwa kwa paskali (Pa), yaani kipimo cha shinikizo. Mwombe muuzaji akiwashe mbele yako, umwage mchanga kidogo kwenye zulia, uone kama unatoka hadi ule uliojificha katikati ya nyuzi. Kisha fungua chombo cha taka utoe filta: iwe ya kuoshwa, na ya akiba ipatikane, maana filta ikirudishwa kabla haijakauka vizuri, jambo rahisi kutokea katika unyevu wetu wa pwani, hunuka na kudhoofisha mvuto. Chaja ikubali volti 240. Betri ya lithiamu huchakaa upesi kwenye joto, kwa hiyo usiiache garini juani. Maji yafyonzwe tu ikiwa maelezo ya mashine yanaruhusu. Majivu ya jiko yenye moto, kamwe.