Saini za mashujaa wa vita: namna ya kuziomba, kuzithibitisha na kuzitunza Tabora

Askari aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipoangushwa tarehe 11 Aprili 1979 sasa ameshapita 65. Wenzake wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, waliopigana Burma mwaka 1944 karibu wote wametangulia. Kwa hiyo anayeanza kukusanya saini za mashujaa aanze na walio hai. Karatasi ya mwaka 1916 iliyotunzwa vizuri inaweza kungoja mwaka mmoja zaidi. Mzee anayeishi Isevya au Ng'ambo huenda asingoje.

Kwanza jua unachokitafuta. Kitu kizuri kuliko vyote ni picha ya mzee mwenyewe aliyoisaini, ikiambatana na kadi yenye maelezo yake. Medali usiiombe na usiinunue, hata ukiletewa mlangoni. Hiyo ni mali ya ukoo, na mara nyingi anayeiuza si yule aliyeivaa. Ipige picha pande zote mbili, pamoja na utepe na cheti chake, kisha irudi mahali pake. Sare, kofia na kombati za JWTZ usiziguse kabisa, kwa kuwa raia kumiliki sare za jeshi ni kosa kisheria. Usimwombe mzee avae sare kwa ajili ya picha. Koti la kawaida lenye medali upande wa kushoto wa kifua linatosha na linapendeza.

Usidhani pia kwamba shujaa ni mwanajeshi wa kambini peke yake. Baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera Oktoba 1978, waliokwenda mstari wa mbele walikuwa JWTZ pamoja na mgambo, polisi, Magereza na vijana wa JKT. Mzee wa Urambo aliyekwenda kama mgambo ana haki ileile ya kuandikwa.

Kumwendea mzee

Pita kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa ndugu anayemjua, usibishe hodi kama mpita njia. Siku ya kwanza usibebe kamera wala kalamu. Beba sukari kilo 2 au asali, kaa, amkia, sikiliza. "Shikamoo mzee" ndiyo ya kuanzia. "Afande" litamfurahisha, ila subiri kwanza usikie wenzake wanamwitaje.

Jambo hili liseme mapema, mbele ya mke wake au mtoto wake mkubwa: hukutumwa na serikali, wala huhakiki mafao. Mtu akija na fomu na kamera, wastaafu wengi hudhani malipo yanakuja, na kumwacha mzee na tumaini la uongo ni dhuluma. Eleza saini itakaa wapi, nani ataiona, na kwamba yeye atabaki na nakala. Akikataa, shukuru uondoke. Asipokataa, panga siku ya pili, saa nne asubuhi au baada ya alasiri, mwanga ukiwa mzuri na mzee hajachoka.

Kama unataka kumpa kitu cha mkononi, amua kabla na umpe hata kama hatasaini. Ukilipa kwa idadi ya saini, utapata saini nyingi za haraka, na majirani watajaa wenye historia za vita walizozisikia kwa wengine.

Vifaa

Chapisha picha studio, kipimo cha 5R (sentimita 13 kwa 18), nakala nne: moja ya kusaini, moja ya akiba ikiharibika, moja ya mzee, moja ya familia. Chagua karatasi isiyong'aa. Kwenye karatasi inayong'aa wino hukaa juu kama matone ya maji, na kidole kikipita tu umeharibika. Kama umechapisha kwa printa ya wino nyumbani, iache picha usiku mzima ikauke. Mwambie mpiga picha aache sehemu nyeupe au ya rangi hafifu, kama ukuta au anga, upande wa chini. Saini nyeusi juu ya koti jeusi haionekani.

Nunua pia kalamu mbili za wino wa pigimenti (wino usiofifia upesi), nyeusi, ncha ya milimita 0.5 hadi 0.8, kadi nene nyeupe 5, penseli laini ya 2B, ubao wa kushikia karatasi, na karatasi chakavu za kujaribia. Bolpeni haifai juu ya picha: huruka, huacha mfereji, na mzee mwenye mkono mzito anaweza kupasua tabaka la juu. Kwenye kadi inakubalika. Kalamu ya jeli huchelewa kukauka. Maka peni nene huenea pembeni baada ya miaka na kugeuka manjano ya uchafu.

Siku ya kusaini

Hapa ndipo wengi huharibu, na si kwa sababu ya kalamu. Mzee anapokea pensheni benki, na pengine ana hati ya kiwanja. Saini yake ya benki ikizagaa, mtu mwenye nia mbaya ameshapata alichokitaka. Basi mwombe aandike jina lake kamili kwa mkono wake, siyo ile saini anayotia kwenye hati za fedha. Jina kamili linasomeka, lina herufi nyingi za kulinganisha, na halifungui akaunti ya mtu.

Usimpe kamwe karatasi tupu asaini. Kwenye kadi andika kwanza maneno yote, kwa mfano: "Picha hii ni yangu. Nilishiriki Vita vya Kagera. Nimeisaini Tabora kwa hiari yangu," na tarehe. Msomee kwa sauti. Aongeze cheo chake cha mwisho na kikosi chake kama anapenda. Namba yake ya jeshi na ya NIDA usiziandike popote.

Weka meza ifike usawa wa kiwiko, mwanga utoke upande usio wa mkono anaoandikia. Aandike mara mbili tatu kwenye karatasi ya kujaribia, mkono upate moto. Mkono ukitetemeka mwache utetemeke. Usimshike wala kumwongoza, kwa sababu saini iliyoongozwa si yake. Akiisha, acha picha wazi dakika 10 bila kuipuliza, na usiiweke kwenye mfuko wa plastiki kabla ya saa 24.

Akitaka kuandika "Kwa mjukuu wangu" na jina lako, mwache. Wanaonunua na kuuza hupenda saini tupu. Lakini maneno ya kumtaja mtu ni ushahidi mzuri kwamba aliyesaini alikaa na mtu huyo, na mghushi huyaogopa maana humlazimu kuandika herufi nyingi zaidi.

Dole gumba

Wazee wengi hawakupata shule, na alama ya dole gumba ni yao kamili kama saini ya kanali. Ila ina taratibu zake. Usiigonge kwenye picha: wino wa pedi ya mhuri haukauki juu ya karatasi ya picha, utaenea hata baada ya wiki. Igonge kwenye kadi nene, kisha uiweke kadi pamoja na picha. Tumia pedi nyeusi, kwa sababu wino wa zambarau huwa wa kwanza kufifia. Futa kidole kikauke, kiguse pedi kidogo tu, kisha kizungushwe mara moja kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi mwingine bila kurudi nyuma. Wino ukizidi, mistari huzibana na kubaki doa. Andika chini ni dole la mkono gani, na shahidi mmoja aandike jina lake.

Kadi hiyo isionekane mtandaoni hata siku moja. Laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole, na pesa za mzee zinakaa kwenye laini hiyohiyo. Ukitaka kuwaonyesha watu, onyesha picha peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inakutaka uwe na ridhaa ya mwenye taarifa, basi ridhaa hiyo iandikwe siku hiyohiyo.

Hati ya chanzo

Saini isiyo na maelezo, baada ya miaka 30, ni maandishi tu ya mtu asiyejulikana. Usiku huohuo jaza ukurasa mmoja wa daftari: nani, wapi, tarehe, nani alikuwepo, kalamu gani ilitumika, mzee alisema nini kuhusu kila medali. Nyuma ya picha andika kwa penseli namba ya faili tu, ukiwa umeilaza juu ya kioo au meza ngumu ili isibonyee.

Kuwa mwangalifu na neno "ushujaa". Medali ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema ni heshima kubwa, lakini hutolewa kwa miaka ya kazi, si kwa tendo la vitani. Soma cheti, andika kilichoandikwa. Kumpamba mzee kwa nishani asiyokuwa nayo ni kumvunjia heshima, na likigundulika, hata yale ya kweli uliyoandika hayataaminika.

Vitu vya zamani na vya kughushi

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Tabora ilitekwa kutoka kwa Wajerumani na jeshi la Wabelgiji la Jenerali Charles Tombeur tarehe 19 Septemba 1916, na kwa sababu hiyo jina la mji huu huuza. Utaletewa barua, kadi na noti. Anza na tarehe. Bolpeni ilienea baada ya mwaka 1945, basi barua ya "1917" iliyosainiwa kwa bolpeni ni ya uongo. Lakini usikimbilie kuhukumu: Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, aliishi hadi Machi 1964, kwa hiyo picha yake yenye saini ya bolpeni ya miaka ya 1950 yaweza kuwa ya kweli. Kadi ya mwaka 1915 inayomwita jenerali ndiyo ya kutilia shaka, kwani vita vilipoanza alikuwa luteni kanali. Vivyo hivyo kwa Tombeur: jina la heshima "de Tabora" aliongezewa miaka mingi baada ya vita, basi halipaswi kuonekana kwenye barua ya Septemba 1916.

Azima taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Karatasi zilizotengenezwa tangu takriban mwaka 1950 mara nyingi zina dawa ya kung'arisha, na chini ya taa hiyo huwaka buluu nyeupe. Karatasi inayodai kuwa ya 1916 ikiwaka hivyo, irudishe. Isipowaka, bado hujathibitisha lolote, maana karatasi ya kale isiyoandikwa hupatikana. Kisha chukua lenzi ya kukuza mara 10. Saini iliyochapwa huonyesha vidoti. Ya mkono huonyesha wino ukikolea pale mistari inapokatana. Ya kunakiliwa polepole ina unene uleule mwanzo hadi mwisho, na kalamu imesimama mahali ambapo mwenye jina angepita mbio.

Noti za dharura za Wajerumani za mwaka 1915 na 1916 zina saini, na huuzwa kama za makamanda. Hizo ni saini za watu wa benki. Zikusanye kama noti.

Kwa medali za Waingereza kuna kosa la kinyume, la kukataa cha kweli. Medali za Vita vya Kwanza walizopewa askari wa KAR huwa na jina na namba, kwa kawaida ukingoni. Zile nyota za Vita vya Pili, kama ya Afrika na ya Burma, zilitolewa bila jina. Nyota isiyo na jina si bandia kwa sababu hiyo. Majina ya waliotunukiwa kwa ushujaa hutangazwa kwenye London Gazette, na matoleo yake ya zamani yanasomeka bure mtandaoni. Jina la Sajini Nigel Leakey wa KAR, aliyepata Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, baada ya kuuawa Ethiopia mwaka 1941, limo. Wamo pia baadhi ya askari Waafrika, ingawa tahajia ya majina yao imevurugwa, basi tafuta kwa namba na kikosi. Kitu cha kale kisivuke mpaka bila kibali cha idara ya mambo ya kale.

Kutunza

Usilaminishe. Joto na gundi havirudishwi nyuma. Tumia mifuko ya polipropilini na uepuke plastiki ya PVC, inayotoa asidi na kunata kwenye wino. Ukishindwa kuitambua, kata kipande kidogo cha mfuko, pasha waya wa shaba motoni nje ya nyumba, uguse nao plastiki, urudishe waya motoni: mwali wa kijani ni dalili ya PVC. Moshi wake usiuvute.

Funga sanduku wakati wa kiangazi, Julai au Agosti, karatasi zikiwa zimekauka. Ukifunga wakati wa mvua unafungia unyevu ndani, na ukungu utaota. Weka pakiti 8 hadi 10 za gramu 5 za silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) kwa sanduku la lita 10, zisiguse picha. Kigoma, karibu na ziwa, kagua kila mwezi. Tabora, mara mbili wakati wa mvua hutosha. Sanduku likae sentimita 15 juu ya sakafu na 10 kutoka ukutani, maana mchwa hupanda na ukuta kabla hujamwona. Miguu ya rafu iwe ndani ya makopo yenye oili chafu. Dawa ya nondo isiingie sandukuni.

Ukutani tundika nakala, kwani mwanga hula wino kidogokidogo. Skani kila kitu kwa dpi 600 na uhifadhi sehemu mbili. Mzee akifariki, familia huhitaji picha ndani ya siku moja kwa ajili ya msiba, na huja usiku. Weka nakala safi ya 8R (sentimita 20 kwa 25) tayari kwenye kila faili, na namba ya simu ya mtoto wake mkubwa kwenye daftari lako, si kwenye jalada.