Kutoa sura ya mtu kwenye simu mpaka ukutani, kwa penseli na rangi

Watu wakitaka kujifunza kuchora sura ya mtu swali la kwanza huwa penseli gani na rangi gani, wakati kazi nyingi zinaharibikia kwenye picha yenyewe kabla hata penseli haijachongwa. Tuanzie hapo basi.

Usichore kutoka kwenye selfi. Simu ikiwa karibu na uso pua inavimba na masikio yanarudi nyuma, na wewe utachora hivyohivyo halafu mwenyewe akiona anasema huyu sio mimi, na kweli sio yeye. Simama kama mita mbili, zuum kidogo, mtu akae barazani au pembeni ya dirisha ili mwanga umpige upande mmoja na upande wa pili ubaki na kivuli. Saa sita mchana hapa Mtwara jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo meusi, subiri saa kumi. Halafu kuna hizi picha za ufukweni, mtu kaenda Msimbati, nyuma bahari inawaka na mchanga unawaka, simu inajipima kwa ule mwanga wa nyuma na uso wa mtu mweusi unatoka kama kivuli, hakuna shavu hakuna kope. Gusa uso kwenye skrini kabla ya kupiga, simu itajirekebisha. Picha ikishakuwa nyeusi tii usijidanganye kwamba utabuni, omba nyingine.

Ukiletewa picha ya zamani, ile ya studio ya nyeusi na nyeupe ambayo ndiyo pekee ya marehemu iliyobaki nyumbani, usichore kitu juu yake. Ipeleke nje kivulini, ilaze chini, ipige kwa simu ukiwa juu yake sawasawa bila flashi, kisha kaprinti A4 steshenari na orijino irudishe siku hiyohiyo. Na kwa sisi wa huku kuna jambo la ziada, kwenye picha za bibi zetu wa Kimakonde utakuta chale usoni na wengine ndonya, kile kipambo kinachochomekwa kwenye tundu la mdomo wa juu, na picha ndogo ya pasipoti ukiikuza zile chale zinageuka ukungu tu. Usizifute ukidhani ni uchafu wa picha, na usizibuni pia, maana kila mchoro una mpangilio wake. Kaa na wazee wa familia wakuoneshe zilipita wapi, chora pembeni kwanza wakubali ndio uhamishie usoni. Mimi naona ukikosea hapo ni bora ungekosea pua.

Sasa kuhamisha. Njia mbili zinatosha. Ya kwanza ni miraba. Tuseme picha yako ni sentimita 10 kwa 15 na unataka kuijaza karatasi ya A3, ambayo ni kama 29.7 kwa 42. Zidisha kwa 2.5, unapata 25 kwa 37.5, inaingia vizuri na pembeni inabaki nafasi ya fremu. Kwenye kopi piga miraba ya sentimita 1, kwenye karatasi piga ya sentimita 2.5, kwa mkono mwepesi sana maana utaifuta, kisha namba juu na herufi pembeni. Hapo huchori jicho tena, unachora mstari unaoingia C4 ukatokea D5, na hiyo ndiyo siri yote ya miraba, inakunyima nafasi ya kuchora jicho unalolijua kichwani ikakulazimisha uchore lililopo. Machoni na mdomoni gawa mraba mara mbili tena. Ukimaliza geuza picha na mchoro vyote juu chini uangalie, jicho lililopanda juu kuliko mwenzake utaliona hapohapo.

Njia ya pili ni kukopi. Printi kwa saizi kamili unayotaka, nyuma ya karatasi sugua penseli laini kama 4B mpaka kuwe kweusi, gandisha kwa selotepu juu ya karatasi nzuri halafu pitia mistari mikuu kwa biki. Kuna wanaosema huko ni kudanganya. Siwaelewi, mistari ni robo ya kazi tu, mtu asiyejua vivuli akikopi mistari sahihi bado anatoa katuni.

Vivuli ndivyo vinavyombeba mtu. Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu, fumba macho nusu, vitu vidogo vitapotea na utabaki na mafungu makubwa ya giza na mwanga. Pembeni ya karatasi chora visanduku vitano kuanzia weupe wa karatasi mpaka weusi wa 6B, hicho ndicho kipimo chako, kila sehemu ya uso jiulize iko kisanduku cha ngapi. Anza na mafungu makubwa, kope na nywele mojamoja ni za mwisho kabisa, najua zinatamanisha lakini subiri. Usisugue kwa kidole, mkono una mafuta na joto letu hili unatoka jasho, tumia tishu au pamba, na chini ya kiganja weka karatasi safi. Jeupe la macho sio jeupe, lina kivuli cha kope la juu. Na meno usiyachore mojamoja kwa mstari mzito utamzeesha mtu.

Rangi ndipo penye makosa niliyoyaona kwenye fremu nyingi sana, mtu mweusi kapakwa kahawia iliyochanganywa na nyeusi kwenye kivuli na nyeupe kwenye mwanga, basi uso wote umekuwa majivu. Achana na nyeusi ya kopo. Changanya nyekundu, njano na bluu mpaka upate kahawia, kivulini ongeza bluu na nyekundu, kwenye mwanga ongeza njano na nyeupe kidogo tu. Halafu mwangalie mtu mweusi aliyekaa nje, pale paji la uso linapong'aa pana ubluu kwa sababu ngozi inarudisha anga, na chini ya kidevu mara nyingi pana joto jekundu la udongo. Hiyo simu haikuoneshi vizuri, nenda kamwangalie mtu. Kuna wateja watakuambia nipunguze weusi, hilo ni lako wewe na pesa yako, mimi nampa mwanga zaidi upande mmoja na rangi yake inabaki ileile.

Akriliki, ile rangi ya wasanii inayochanganywa na maji na ikikauka inakuwa kama plastiki, kwa joto la Lindi na Mtwara inakauka ukiwa bado unafikiria, kwa hiyo toa kidogokidogo, chini ya rangi weka tishu iliyoloa na karatasi ya kuokea juu yake, itadumu. Ukipaka rangi ya maji tumia karatasi nene ya gramu 300, manila inajikunja. Kama unapaka juu ya printi hakikisha ni ya fotokopi, ile ya printa ya wino wa maji inachuja na kuchafua kila kitu, na mwambie mteja kwamba chini kuna printi.

Kanvasi, kile kitambaa cha kuchorea, ukiikosa tafuta kitambaa cha marekani kizito, seremala akupigie fremu ya mbao kavu, vuta kitambaa ukianzia katikati ya kila upande kwenda kwenye kona, kisha paka rangi nyeupe ya ukutani ya maji mikono miwili mitatu myembamba, piga msasa laini kila ikikauka. Nyembamba, maana nzito inapasuka. Usitumie ile ya mafuta ya milango halafu ukaweka akriliki juu, itabanduka. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru hapo jirani, miaka ya 1960 alikuwa anapaka rangi za mafuta za dukani kwenye vipande vya ubao mgumu, kwa hiyo usiniambie vifaa hakuna.

Kama sura za watu zinakuogopesha anza na milango ya kuchonga ya Mikindani au lile boma la Wajerumani la 1895, ila shika simu wima usiielekeze juu, la sivyo kuta zitaegemeana na miraba itazinakili hivyohivyo.

Picha ya harusi uliyoiona kwenye akaunti ya mpiga picha sio yako kuchora ukauza. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda picha pia, omba ruhusa kwa aliyepiga na kwa aliyepigwa. Mchoro wa penseli uwekee kioo lakini kisiguse karatasi, weka kadi nene pembeni kote, unyevu wa bahari ukinasa katikati ukungu unaota, na nyuma ya fremu ziba kwa selotepu pana.