Gari likitembea, mama hana mikono: Tanga hadi Moshi na watoto watatu

Mara ya kwanza nilipotoka Tanga kwenda Moshi peke yangu na wanangu watatu, nilijiona dereva hodari mpaka tulipopita Hedaru. Chupa ya Idi ikaanguka chini ya kiti changu, akaanza kulia, nami nikapeleka mkono nyuma kuipapasa. Sekunde mbili, labda tatu. Niliporudisha macho, tairi za kushoto zilikuwa zinatafuna kokoto za pembeni na tuta liko puani. Tuliliruka kama mbuzi. Hakuna aliyeumia, ila nilisimama pembeni natetemeka mpaka Zuhura akaniuliza, "Mama, unasikia baridi?" Baridi, Hedaru, kwenye joto lile!

Tangu siku ile gari letu lina sheria moja: likitembea, mama hana mikono. Haokoti, hamenyi, hafungui kifuniko, hageuki kuamua ugomvi. Mwenye shida anaisema, nami natafuta mahali pa kusimama. Idi ana miaka 4 na ameielewa vizuri kuliko watu wazima. Nikizima gari tu anauliza, "Mikono imerudi?"

Baba yao yuko kazini Moshi, sisi tuko Makorora, Tanga, kwa hiyo njia hii tunaikata kila shule zikifunga. Ni kama kilomita 350. Mtu mzima peke yake anaimaliza kwa saa tano au sita. Mimi nahesabu tisa, na nikiwahi nashukuru.

Anza na gari, siku mbili kabla. Upepo wa matairi pamoja na spea, oili, maji ya rejeta, breki. Jeki, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto viwepo, na usivizike chini ya mabegi. Halafu fungua tairi moja wewe mwenyewe hapo hapo uani. Sisemi kwa mashauzi. Nilipojaribu mimi, nati hazikutikisika hata nilipoikanyaga spana kwa miguu yote miwili, maana fundi alizikaza kwa mashine. Nikarudi kwake azikaze kwa mkono. Heri aibu ya gereji kuliko ya porini. Na pancha ikitokea, watoto watoke kwanza, kwa milango ya kushoto, wakae kwenye khanga mbali na lami. Jeki haiingii chini ya gari lenye mtoto ndani.

Angalia pia milango ya nyuma. Ukiifungua, pembeni karibu na loki utaona kilimi kidogo. Kisukume upande wa kufunga, na mtoto hataweza kufungua mlango kwa ndani. Magari mengi tunayotumia yanacho, na wengi wetu tunayaendesha miaka bila kukigusa.

Watoto wote wakae nyuma. Mdogo wetu, Mwana, ana mwaka mmoja na miezi minne, na kiti chake kinatazama nyuma ya gari. Kiti cha namna hiyo usikiweke mbele kwenye eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga: ikifumuka inampiga mtoto kichwani. Mpakato wa shangazi ni mtamu, lakini gari likigonga hakuna mikono inayoweza kumshika mtoto. Mwana namweka kushoto kwa sababu mbili. Kwanza, nikisimama namtoa upande wa majani, si upande wa malori. Pili, jua. Kutoka Segera kwenda kaskazini, asubuhi nzima jua linapiga dirisha la kulia. Hapo nabana khanga juu ya kioo, shughuli imekwisha. Kurudi asubuhi mambo yanageuka, jua linakuja kushoto, na khanga inahama.

Khanga beba tano. Moja ya dirisha, moja ya kukalia, moja ya kuwa ukuta wa choo njiani, mbili za yale ambayo hujayawazia.

Sasa matapishi, maana ndiyo yanayoharibu safari. Idi ni bingwa. Zamani mama zetu walibeba mifuko ya rambo, lakini mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na mfuko wa karatasi kwa kazi hii ni msiba. Mimi nabeba makopo matupu ya siagi, yale makubwa yenye kifuniko kinachobana. Ndani ya kila kopo natandika kipande cha pampasi kavu. Kinanyonya maji, kopo likiinama halimwagi, ukifunga kifuniko harufu inabaki humo humo. Idi anakaa na lake mapajani, anajua kulifungua. Tumelifanyia mazoezi nyumbani, tunacheka, mpaka mkono umezoea.

Ila afadhali asifike huko. Alfajiri hali maziwa wala chapati ya mafuta. Anapewa mkate mkavu au kiazi kitamu kidogo, maji kwa mafunda. Hashiki simu mpaka tufike, kwa sababu macho yakiinama kwenye kioo wakati mwili unatikiswa, tumbo linapinduka. Kiti chake kinamwinua aone barabara mbele. Dirisha wazi kidogo. Tukipita Muheza msimu wa machungwa nasimama nanunua, na ganda tu la chungwa analolinusa linamtuliza. Muuzaji wa hapo ananijua sasa: "Dada, la kula au la kunusa?"

Tunaondoka saa kumi na moja na nusu, baada ya swala. Nguo za safari wamelala nazo. Wakati jua linatoka tuko kwenye mashamba ya mkonge, na wawili kati ya watatu bado wanakoroma. Jua likizama siendeshi kabisa. Lori likiharibika, onyo lake huwa ni matawi ya miti yaliyotupwa barabarani, na gizani unayaona umeshafika.

Kila mtoto mwenye akili apewe cheo. Zuhura, miaka 7, ndiye konda. Kazi yake ni kusoma vibao vya mwendo wa 50. Njia hii ina vijiji vingi na kila kijiji kina kibao chake, na ukizubaa utalipa faini. Anapiga kelele, "Hamsini, dereva!" na tukitoka anasema "Ruhusa!" Mara moja trafiki alitusimamisha kukagua leseni, konda akamwambia kabla sijafungua mdomo, "Shikamoo afande, mama ametembea hamsini." Afande akacheka, tukaenda zetu.

Michezo ya simu sina, nina hadithi. Mkonge unatosha mpaka Korogwe. Nawaambia ulikuja mwaka 1893 kutoka Florida, miche elfu moja, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Haya yote mnayoyaona ni wajukuu wa ile 62. Zuhura akasema basi ilikuwa mwendo mrefu sana, ilitapika njiani. Baadaye inakuja reli, inayokwenda nasi bega kwa bega: Wajerumani waliianza Tanga mwaka huo huo wa 1893, ikafika Moshi 1911. Miaka 18! Hiyo ndiyo dawa ya "Mama, tumekaribia?"

Vituo vyangu ni vinne. Segera ni mafuta na choo, fupi. Mombo ndipo pa kukaa saa nzima: chai, mayai ya kuchemsha, na kukimbia. Usiwaketishe, tayari walikuwa wameketi. Milima ya Usambara iko kulia, hewa bado nzuri. Baada ya hapo hadi Same, kituo cha tatu, ni joto, nchi kavu, na barabara inayonyooka mpaka inakulaza. Mimi humo nafungulia kasida za madrasa yao na tunaimba wote kwa sauti mbaya. Usingizi ukinigusa nasimama penye watu, nalaza kiti dakika kumi na tano, milango imefungwa, madirisha nimeyashusha kidogo. Cha nne ni Himo, na hicho ni cha kunawa nyuso tu, tusimfikie bibi yao kama wakimbizi.

Choo ndiyo mtihani wa anayesafiri peke yake. Huwezi kumwacha yeyote garini, hata dakika moja: gari lililofungwa juani linageuka tanuri, na mtu mwenye nia mbaya hahitaji zaidi ya dakika hiyo. Kwa hiyo tunatoka wote, kama bata. Mwana mgongoni kwa mbeleko, Idi ameshika pindo la dera langu, konda mbele. Mafuta nalipa kwa simu nikiwa kwenye usukani. Poti ya Idi iko miguuni kwa siti ya mbele, kwa sababu yeye husema anataka kukojoa wakati ameshaanza.

Watu wa njiani ni wema, lakini usitangaze uko peke yako. Akiniuliza mtu, "Mama, baba yao yuko wapi?" namjibu, "Ametutangulia hapo mbele, anatungoja." Si uwongo. Yuko mbele, kilomita mia mbili hivi. Mwenyewe nampigia kila kituo namwambia nimetoka wapi na nitafika wapi saa ngapi. Na namba 112 ya polisi Zuhura anaijua kwa kichwa.

Kunyonyesha ni gari likiwa limesimama, akitoka kwenye kiti chake arudi kwenye kiti chake, mikanda imefungwa, ndipo ufunguo ugeuzwe. Vitu vya mviringo visikae sakafuni, chupa wala mpira. Ile chupa ya Hedaru nilipokuja kuifikiria usiku, kilichonikosesha usingizi si lile tuta. Ingeweza kuviringika chini ya pedeli ya breki.

Tunaingia Moshi saa nane na nusu au tisa. Ukifika utakuta wao wameamka kabisa na wewe umekwisha. Usianze kupakua mizigo. Mkabidhi baba yao watatu wote pale pale mlangoni, umwambie mikono yake ndiyo imerudi. Chukua makopo, yamwage, yaoshe kwa sabuni na limau, yaanike juani. Kurudi ni wiki mbili tu.