Namna ya kuyapinga maelezo ya onyo kabla hayajawa kielelezo

Maelezo ya onyo, yaani yale polisi wanayomwandika mtuhumiwa baada ya kumwonya, yakiwa na ungamo na yakishapokelewa na mahakama, utetezi uliobaki huwa mwembamba. Wakili wa utetezi katika mahakama za Tanzania Bara aanze kazi mapema, na aanze na saa.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa nne za msingi za kumhoji mtuhumiwa tangu awe chini ya ulinzi. Ofisa msimamizi wa upelelezi anaweza kuongeza muda usiozidi saa nane, ila ni lazima amjulishe mtuhumiwa. Zaidi ya hapo huombwa kwa hakimu. Muda wa kumsafirisha mtuhumiwa kwa ajili ya upelelezi hauhesabiwi. Andika kwenye karatasi moja saa ya kukamatwa, ya kufikishwa kituoni, ya kuanza maelezo na ya kuyamaliza. Usitegemee kumbukumbu za mteja peke yake. Hati ya upekuzi ina saa, na mara nyingine ndiyo inayoonyesha kwamba mtu alikuwa mikononi mwa polisi mapema kuliko wanavyosema. Omba pia daftari la mahabusu.

Saa nne zikipita, maelezo hayafi yenyewe. Mahakama ina hiari ya kuyapokea ikiridhika na sababu za ucheleweshaji, kwa hiyo mwandalie shahidi wa polisi maswali ya kila saa: mtuhumiwa alikuwa wapi, na nani, akifanya nini? Jibu la "upelelezi ulikuwa unaendelea" lisikutoshe.

Kisha soma maelezo yenyewe. Je, onyo limetaja kosa? Ameelezwa haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki? Alisomewa alichosema na kupewa nafasi ya kusahihisha? Uthibitisho wa ofisa aliyeandika upo, na umesainiwa?

Kama mteja anadai kupigwa, tafuta PF3 (fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari) na kumbukumbu za zahanati ya gereza za siku alipopokelewa. Akifikishwa mahakamani mara ya kwanza, majeraha yatajwe kwa hakimu ili yaingie kwenye jalada. Madai yanayoibuka wakati wa utetezi huitwa fikra za baadaye, na hayaponi.

Pingamizi lina dakika yake: shahidi anapoomba maelezo yapokelewe, kabla hakimu hajayapokea. "Napinga" pekee haitoshi. Taja sababu na uzitenganishe. Suala la muda au la fomu ni hoja ya sheria, hujibiwa kwa hoja. Suala la hiari (kipigo, vitisho, ahadi) huilazimu mahakama kusimamisha kesi ya msingi na kufanya uchunguzi mdogo; Mahakama Kuu huuita kesi ndani ya kesi. Hapo Jamhuri (upande wa mashtaka) ndiyo inayoanza kuleta mashahidi, na mzigo wa kuthibitisha hiari ni wake. Mteja wako hana la kuthibitisha.

Ndani ya uchunguzi huo mawakili wachanga hujichimbia shimo kwa kumdodosa askari juu ya yaliyomo kwenye maelezo. Dodosa mazingira tu: chumba, waliokuwepo, chakula, muda, hali ya mwili. Ukiuliza "alikwambia nini kuhusu mali?", umeyaingiza maelezo mwenyewe.

Ukishindwa, andika tarehe na sababu za uamuzi huo mdogo. Kesi ya msingi ikirejea, mdodose askari tena juu ya mazingira, maana sasa unapigania uzito ambao mahakama itayapa maelezo hayo. Tangu kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda ya 1967, ungamo lililokanwa hutazamwa kwa tahadhari na kwa kawaida hutafutiwa ushahidi wa kuliunga mkono. Angalia pia kama kielelezo kilisomwa kwa sauti baada ya kupokelewa. Kisiposomwa, Mahakama ya Rufani imeshazoea kukiondoa kwenye kumbukumbu. Rufaa kutoka mahakama ya chini kwenda Mahakama Kuu huanza na taarifa ya kusudio ndani ya siku 10 tangu hukumu, nayo hati ya rufaa ina siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu.