Namna ya kuilinda ngozi na afya ya mzazi wakati wa msongo wa mawazo

Mwezi wa Januari humkuta mzazi wa Dar es Salaam akidaiwa ada na michango ya shule, mara nyingi pia kodi ya nyumba ya miezi sita inayotakiwa kwa mkupuo, huku joto lenye unyevunyevu likimnyima usingizi. Ni katika majuma hayo hayo ambapo wazazi wengi huona chunusi walizozisahau tangu ujana zikirejea, pumu ya ngozi iliyokuwa imetulia ikiamka, au mwili ukiwasha bila sababu ya wazi. Wengi hukimbilia krimu. Kabla ya kutoa fedha dukani, inafaa kwanza kujua ni nini kinachoendelea mwilini, kisha kuhakikisha kwamba tatizo lililopo kweli linatokana na msongo.

Ubongo unapohisi tishio, huziamuru tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, kumwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Ya kwanza huuharakisha moyo, ya pili hupandisha sukari katika damu ili mwili upate nguvu ya kukabiliana na hatari, na hatari ikipita zote mbili hushuka. Tatizo la mzazi ni kwamba tishio lake halipiti: mtoto mwenye homa, foleni ya Kimara, deni la kikoba na bosi asiyeelewa hufuatana bila mapumziko. Kotisoli inapobaki juu kwa muda mrefu, tabaka la nje la ngozi hupoteza maji kwa urahisi, tezi za mafuta huchochewa, na kinga ya mwili huyumba. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani waliwachukua wanawake waliokuwa wakiwauguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu, wakawafanyia kidonda kidogo kwenye ngozi, na kuwalinganisha na wanawake wa umri wao wasio na mzigo huo. Vidonda vya wauguzaji vilichelewa kupona kwa takriban siku 9.

Tofautisha kwanza

Si kila muwasho ni wa mawazo, na kosa hili huwagharimu watu miezi mingi. Ikiwa muwasho huzidi usiku, upo katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono au kiunoni, na watoto nao wanajikuna, huo yaelekea ni upele unaoambukiza, ambao hauondoki mpaka watu wote wa nyumba watibiwe siku moja na nguo pamoja na mashuka yafuliwe. Baka la mviringo lenye ukingo ulioinuka na katikati iliyo safi huenda ni choa, na linahitaji dawa ya fangasi. Vipele vidogo vinavyochoma mgongoni na chini ya matiti nyakati za joto kali ni harara, navyo hutulia mwili ukipoa.

Msongo kwa kawaida hufanya kazi ya namna nyingine: huchochea ugonjwa ambao tayari ulikuwepo. Chunusi huongezeka, pumu ya ngozi na soriasisi (ugonjwa wa mabaka yenye magamba) hulipuka, na kwa baadhi ya watu hutokea mabaka yaliyovimba na yenye kuwasha ambayo kila moja hupotea ndani ya saa 24 huku jingine likiibuka mahali pengine. Nywele zina hesabu yake, kwa sababu hudondoka kwa wingi miezi miwili au mitatu baada ya tukio zito, kwa hiyo anayeona nywele zikijaa kwenye kitana mwezi wa Aprili na akatafuta chanzo katika juma lililopita hatakipata. Atazame nyuma hadi Januari. Mama aliyejifungua naye huweza kupoteza nywele kuanzia kama mwezi wa tatu, na hilo hutokana zaidi na mabadiliko ya homoni, nazo huota tena kwa wengi kabla mtoto hajatimiza mwaka au muda mfupi baadaye.

Njia rahisi ya kupata ukweli ni kuandika. Kwa muda wa majuma manne, andika kila jioni kwenye simu au pembezoni mwa kalenda ya ukutani mambo matatu tu: ngozi ilikuwaje, ulilala saa ngapi, na ni jambo gani lililokuelemea siku hiyo. Ongeza krimu au dawa yoyote mpya uliyoanza kutumia.

Krimu zinazoponya haraka mno

Hapa ndipo ninapotaka mzazi awe mkali. Katika maduka ya vipodozi, ikiwemo Kariakoo, huuzwa michanganyiko ya mkorogo na krimu ambazo huweza kuwa na steroidi kali bila maelezo ya kueleweka. Steroidi hutuliza uvimbe ndani ya siku chache, na kwa hiyo mtumiaji huamini amepona. Ikipakwa usoni kwa majuma na miezi, ngozi huwa nyembamba, vipele vipya huzuka, na kila anapojaribu kuacha hali hurudi ikiwa mbaya zaidi. Ikipakwa juu ya choa, hupunguza wekundu huku fangasi wakiendelea kusambaa. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali zinazotumika kung'arisha ngozi, vimepigwa marufuku nchini, na zebaki hudhuru figo. Mzazi asisahau kwamba uso na mikono yake ndivyo vinavyogusana na mtoto mchanga siku nzima.

Utunzaji unaohitajika ni mdogo kuliko matangazo yanavyodai. Nawa uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini isiyo na manukato makali, bila kusugua kwa dodoki. Paka mafuta ya mgando mwilini dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, lakini uso wenye chunusi uepushwe na mafuta mazito, ya nazi yakiwemo. Usitumbue chunusi, kwa kuwa ngozi yetu nyeusi huacha madoa yanayoweza kukaa miezi mingi, na jua huyakoleza. Dawa ya benzoili peroksaidi kutoka duka la dawa husaidia chunusi za kawaida, ila huhitaji majuma sita hadi manane kabla ya kuonyesha matokeo, na hutia madoa kwenye taulo. Mjamzito amwulize mfamasia kabla ya kupaka dawa yoyote usoni.

Punguza mzigo wenyewe, ukianza na usingizi

Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi. Mzazi anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku hawezi kuzipata kwa ushauri wa jumla wa kupumzika. Anahitaji mgawanyo wa kazi. Zungumzeni nyumbani waziwazi, kwa mfano: “Baba Neema, Jumanne na Alhamisi mtoto akiamka usiku naomba umshike wewe, nami nitamshika siku nyingine.” Anayelea peke yake amwombe bibi wa watoto au dada yake usiku mmoja kwa juma, na usiku huo autumie kulala, si kufua. Makundi ya WhatsApp ya wazazi wa darasa na ya kikoba yazimwe sauti kuanzia saa tatu usiku.

Kuhusu fedha, mwone mhasibu au mwalimu mkuu kabla muhula haujafunguliwa, uombe kulipa ada kwa awamu na upate makubaliano kwa maandishi. Sidhani kama kuna sabuni inayoweza kutuliza ngozi kama karatasi hiyo. Mazoezi nayo hayahitaji ukumbi: kushuka daladala kituo kimoja kabla na kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa juma, hutimiza dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ukiwa umesimama kwenye foleni, vuta pumzi taratibu na uitoe kwa muda mrefu zaidi ya ule ulioutumia kuivuta. Mapigo ya moyo hupungua.

Wakati wa kwenda hospitali

Pima presha hata kama huumwi, kwani huweza kupanda bila dalili. Kipimo cha 140/90 au zaidi kinachojirudia siku tofauti kinahitaji daktari. Maumivu ya tumbo yasisingiziwe mawazo peke yake: vidonda vya tumbo husababishwa zaidi na bakteria aitwaye Helicobacter pylori na dawa za maumivu kama diklofenaki, na vyote viwili vina tiba au njia ya kuepukwa.

Malengelenge yenye maumivu makali yanayofuata upande mmoja wa mwili ni mkanda wa jeshi. Nenda siku hiyo hiyo, maana dawa hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72, na ukubali kupima virusi vya Ukimwi, hasa ikiwa bado u kijana. Huzuni, kukosa hamu ya mambo au kulia kila siku kwa majuma mawili, kwa mama aliyejifungua au kwa baba, ni dalili za sonona na zina matibabu. Fikra za kujidhuru au kumdhuru mtoto hazisubiri kesho.

Kwa tatizo la ngozi lisilopungua baada ya majuma sita, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako unaweza kupewa rufaa kwenda Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili. Chukua yale maandishi yako ya majuma manne, na uweke mfukoni vikopo vyote unavyopaka, hata kile kisicho na lebo ulichopewa na shoga yako.