Kutoa rundo la mawe shambani kwenye baridi ya Molo bila kuumwa na nyoka

Wateja wangu wa Molo na Mau Narok hupenda kuniambia kwao baridi imezidi, nyoka hawakai. Je, inashinda ya Norwe? Huko yuko kipiri, nyoka mwenye sumu wa jina la kisayansi Vipera berus, anayeishi hata kaskazini mwa mstari wa Aktiki. Kule Narcisse, Kanada, makumi ya maelfu ya nyoka hupitisha majira ya baridi ndani ya nyufa za mawe ya chokaa, chini kusikofika barafu. Kwetu pia kuna kipiri wa Nyandarua na Mlima Kenya, mita 2,700 kwenda juu, na yule mwenye pembe juu ya macho wa Naivasha, Elementaita na Nakuru, ambaye nje ya Kenya hayupo. Baridi haimfukuzi nyoka, humpangia saa tu.

Hatua ya 1. Asubuhi usiguse jiwe. Nyoka mwenye joto hukimbia. Aliyepigwa na baridi hana mbio, atabaki pale pale na kuuma. Subiri jua likolee, saa tano hivi.

Hatua ya 2. Kabla ya hapo, kama saa tatu, simama mbali uangalie upande wa rundo unaopigwa na jua. Kipiri anayeota jua hutanua mbavu mpaka mwili unakuwa bapa kama mkanda, mgongo upate joto zaidi. Ukimwona, mwache aondoke.

Hatua ya 3. Vaa gambuti. Anza mawe ya juu, kwa jembe la mpini mrefu. Jiwe liinulie upande wa mbali, ulivute kuja kwako: uwazi utaelekea huko, na jiwe lenyewe litakuwa ngao yako. Wengi huliinua kinyume, wakafungulia nyoka njia ya miguuni mwao! Vidole visiingie chini kamwe.

Hatua ya 4. Ukikuta vitoto, simamisha kazi. Vipiri hawa huzaa watoto hai, hawatagi mayai. Mama hubeba mimba akiitafutia jua. Kitoto huwa na sumu tangu kuzaliwa.

Hatua ya 5. Mtu akiumwa, vua pete na viatu, usichanje, usifunge kamba. Kiungo kitulie, apelekwe hospitali mara moja. Kipiri wa pembe hana dawa maalumu ya sumu yake, lakini daktari ana mengi ya kufanya.

Mawe uliyotoa yapeleke mbali na mlango, tena kivulini.