SOMO: Umbali na muda wa ndege kutoka Mombasa, piga hesabu mwenyewe

Kila wiki swali ni lilelile: Mombasa mpaka Lamu kwa ndege ni kilomita ngapi, na itachukua muda gani? Naliweka hapa, lisirudi tena.

1. Tafuta latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili. Ramani ya simu inatosha.

2. Toa. Moi, Port Reitz (Mombasa): nyuzi 4 dakika 2 (za pembe, si za saa) kusini, nyuzi 39 dakika 36 mashariki. Manda, Lamu: nyuzi 2 dakika 15 kusini, nyuzi 40 dakika 55 mashariki. Tofauti ni nyuzi 1 dakika 47, na nyuzi 1 dakika 19.

3. Geuza zote ziwe dakika: 107 na 79. Hapa ndipo wengi wanapozama. Uzi mmoja una dakika 60, si 100. Ukiandika 1.47 halafu uzidishe kwa 60 utapata 88, na maili 19 zimeshapotea. Simu nyingine huonyesha desimali, nyingine dakika, usichanganye. Na kama viwanja viko pande mbili za ikweta, mfano Moi na Eldoret, latitudo zinajumlishwa, hazitolewi. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani km 1.852, ndiyo maana tunahangaika nazo.

4. Zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: maili 133. Kwa kilomita, 246.

5. Gawa maili kwa mwendo wa ndege. Cessna Caravan huenda kama maili 170 za baharini kwa saa: dakika 47. ATR 72, kama 270: dakika 30. Ongeza dakika 10 hadi 15 za ndege kutembea uwanjani, kupanda na kujipanga kutua.

Sasa jaribu Zanzibar: nyuzi 6 dakika 13 kusini, nyuzi 39 dakika 13 mashariki. Utapata 133 vilevile! Lakini kaskazi ikivuma, wa Zanzibar anasukumwa mgongoni, wa Lamu anapigwa usoni. Kwa upepo wa maili 20, Caravan itachukua dakika 42 kwenda Zanzibar na 53 kwenda Lamu. Kusi ikiingia, mambo yanageuka. Anayekutajia muda bila kuuliza ndege gani na msimu gani, usimsikilize.

MASWALI

Kijana wa Magongo: Kaka nipe tu jibu la Kisumu, niko haraka.
— Hatua ya 1.

Mzee Likoni: Lamu nimepata km 210. Somo lina kasoro.
— Somo halina kasoro, mzee wangu. 210 humtokea aliyeandika 1.47 na 1.19. Hatua ya 3.

Binti Mtwapa: Shikamoo mwalimu. Hesabu hii yafaa hata London?
— Marahaba, binti. Umeuliza la maana. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoelekea ncha ya dunia. Kwetu, nyuzi 4 tu kutoka ikweta, pengo halifiki asilimia moja, nikaliacha. London dakika ya longitudo ni kama km 1.16 pekee. Huko zidisha tofauti ya longitudo kwa kosaini ya latitudo. Ila Mombasa hadi London ni mbali mno kwa hesabu ya bapa. Tumia ya tufe.

Mama Ukunda: Tiketi imeandikwa 07:00. Nitoke saa ngapi?
— Hiyo ni saa moja asubuhi, mama, si saa saba. Pitia Dongo Kundu, usiingie foleni ya feri.

Mwana wa Amu: Na mkishuka Manda bado hamjafika mjini. Kuna boti ya kuvuka, wekeni pesa taslimu mfukoni.